Mama hana hamu ya kula, na vipimo viwili vya sukari vinapingana

Mshauri, shikamoo.

Ninakuandikia kutoka Newala kwa niaba ya mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, ambaye huu ni mwaka wake wa tisa akiugua kisukari. Tangu mwanzo amekuwa akitumia metformini, gramu moja asubuhi na gramu moja jioni, na miaka minne iliyopita aliongezewa glibenklamidi, kidonge kimoja kila asubuhi. Mbali na hizo anameza omeprazo kila siku kwa ajili ya kiungulia, ambayo tunamnunulia wenyewe dukani, kwa kuwa bila hiyo halali.

Shida ilianza kabla ya msimu huu wa korosho. Mama hali. Si kwamba anatapika wala analalamika tumbo; anakaa mkekani na sahani yake, anamega tonge moja, analizungusha kinywani kama mtu aliyelishwa mchanga, kisha anamwita mjukuu wake wa miaka mitano amalizie. Anasema chakula hakina ladha. Nikimpikia kisamvu cha karanga anaomba chumvi, nikiongeza anasema bado. Ulimi wake umekuwa mwekundu na laini, na akionja kitu chenye ndimu unamchoma. Jambo jingine ambalo sikulitilia maanani hadi juzi ni kwamba kandambili humvuka mguuni akiwa anatembea, naye huendelea na safari mpaka mtu amwambie.

Samaki aliacha mwaka juzi, kwa sababu huku kwetu juu samaki wa pwani hufika akiwa ghali, na pia jirani alimwambia kwamba mwenye sukari asile nyama wala ng'onda, yaani samaki mkavu. Kwa hiyo chakula chake ni ugali wa muhogo, mbaazi, kisamvu, na ming'oko, vile viazi vya porini, inapopatikana.

Mwezi uliopita kliniki walimpima kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu kikatoka asilimia 8.6, wakasema sukari imepanda, wakamwongezea glibenklamidi ikawa vidonge viwili. Fedha za mnada wa pili wa korosho nikanunulia glukomita, kile kifaa cha kupimia sukari nyumbani, nayo ndiyo iliyonichanganya, kwa maana kila asubuhi inasoma kati ya milimoli 3.3 na 4.5 kwa lita. Kisha alfajiri ya Jumanne nilimkuta mama amelowa jasho kana kwamba amemwagiwa maji, akaniita kwa jina la marehemu dada yake, akawa anatafuta ufunguo wa nyumba tuliyoihama zamani. Jirani akasema ni mashetani, tumwite fundi. Mama mdogo akamnywesha uji wa sukari uliobaki wa mtoto, na kikombe hakijaisha mama akauliza mbona watu wamejaa chumbani.

Mjomba, ambaye kwetu neno lake ndilo la mwisho, anasema kwamba sukari ikishuka maana yake ugonjwa umekwisha, na ameagiza dawa zote ziachwe. Mdogo wangu naye, kwa kuona mama amepauka, amenunua fefo, vidonge vya kuongeza damu, pamoja na sirapu ya kuongeza hamu ya kula. Naomba unieleze: je, kisukari kimepona? Niamini kipimo kipi? Kwa nini mama hana hamu ya chakula? Na ming'oko aendelee kula au aache?

Binti wa Newala

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Maswali yako manne nitayajibu, lakini si kwa mpangilio wako, kwa sababu lipo la tano ambalo hukuuliza, nalo haliwezi kusubiri.

Kilichompata mama alfajiri ya Jumanne ni kushuka kwa sukari, na uji umekuthibitishia hivyo, kwa kuwa sijapata kusikia shetani anayeondoka kwa nusu kikombe cha uji. Ubongo huishi kwa sukari inayopita kwenye damu na hauna akiba ya kutosha wenyewe, hivyo sukari inapokuwa chini ya 3.9 mwili huanza kutoa ishara za jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio, na ikiendelea hadi chini ya 3.0 mtu huweza kuchanganya majina, mahali na nyakati, akapata degedege au akapoteza fahamu. Aliyemsukuma mama huko ni glibenklamidi. Dawa hiyo huilazimisha kongosho itoe insulini, homoni inayoshusha sukari, bila kujali kama mtu amekula au hakula, na nguvu yake inaweza kudumu siku nzima. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, limeweka angalizo kwamba haifai kwa waliovuka umri wa miaka 60. Mama ana miaka 68, chakula anampa mjukuu, na dozi imeongezwa maradufu.

Kwa hiyo, kabla hujamaliza kusoma barua hii, weka sukari na maji karibu na kitanda chake, na mtu mzima alale chumba kimoja naye. Akitoka jasho au akianza kusema yasiyoeleweka, mpime, na kama glukomita haiko karibu usiitafute kwanza, bali koroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika nusu glasi ya maji, anywe, usubiri dakika 15, kisha upime. Ikiwa bado chini ya 4 rudia, na ikishapanda mpe uji au ugali ili isishuke tena. Usimpe korosho kwa shida hii, ingawa najua Newala ndicho kitu kilicho karibu na mkono, kwa sababu mafuta yake hayapandishi sukari kwa haraka inayotakiwa. Kama hawezi kumeza usimmiminie chochote kinywani. Mlaze kwa ubavu na kumkimbiza hospitali. Asubuhi ambayo sukari yake iko chini ya 4, au ambayo hajala, glibenklamidi asiimeze, na siku hiyohiyo afikishwe kwa daktari. Kwa kweli, baada ya tukio kama la Jumanne, alipaswa kufikishwa siku ileile hata baada ya kuzinduka, kwa kuwa dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka mara ya pili uji ukishakwisha nguvu. Basi mpelekeni kesho asubuhi, msingoje tarehe ya kliniki.

Sasa nije kwenye vile vipimo. Glukomita hueleza sukari iliyoko kwenye damu dakika ile. Kile kipimo kingine, ambacho kwenye karatasi huandikwa HbA1c, hakipimi sukari moja kwa moja. Hupima sehemu ya himoglobini iliyogandwa na sukari ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa sababu chembe hizo huishi siku 120 hivi, hukisiwa kutokana nayo wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Makisio hayo yana sharti moja, kwamba chembe ziwe zinazaliwa na kufa kwa kawaida yake. Chungu kilichokaa jikoni miaka miwili kina masizi mengi kuliko kilichonunuliwa juzi, ingawa moto ni uleule, na mgeni anayepima moto wa nyumba kwa kutazama masizi ya chungu kikuukuu atadhani nyumba hiyo hupikiwa sherehe kila siku. Mtu aliyepungukiwa vitamini B12, asidi ya foliki au madini ya chuma huzalisha chembe mpya kwa shida, kwa hiyo zilizoko kwenye mzunguko huwa ni za umri mkubwa zaidi, zimegandwa na sukari kwa muda mrefu zaidi, na karatasi husoma juu kuliko hali halisi.

Silaumu aliyeongeza dozi, kwani alisoma 8.6 na kufanya kile ambacho namba hiyo humtaka mtu afanye. Inawezekana pia kwamba sehemu ya hiyo 8.6 ni ya kweli, ya miezi ile mama alipokuwa bado anakula. Lakini kwa uamuzi wa wiki hii, glukomita ndiyo ya kusikilizwa, mradi anawe mikono na kuikausha kabla ya kutoboa, na kopo la vijiti vya kupimia lifungwe vizuri na lisikae juani. Andika kila kipimo kwenye daftari pamoja na saa na alichokula, hata kama ni tonge mbili. Daftari hilo litazungumza na daktari vizuri kuliko mimi na wewe.

Kuhusu hamu ya kula, barua yako imenipa dalili tatu ambazo wengi huzitaja kwa watu watatu tofauti: ulimi humwambia daktari wa meno, weupe wa viganja humwambia muuza dawa, na kandambili hawamwambii mtu yeyote. Ukiziweka pamoja, kwa mgonjwa aliyemeza metformini gramu mbili kwa siku kwa miaka tisa, jambo la kushuku ni upungufu wa vitamini B12. Metformini huizuia B12 kufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na mwaka 2022 mamlaka inayosimamia dawa nchini Uingereza ilitangaza kwamba upungufu huo ni athari ya kawaida ya dawa hiyo, hasa kwa dozi kubwa na kwa matumizi ya muda mrefu, ikashauri kwamba mwenye dalili apimwe. Omeprazo huongeza tatizo, kwa sababu asidi ya tumbo ndiyo inayoibandua B12 kutoka kwenye nyama na samaki, na omeprazo kazi yake ni kuipunguza asidi hiyo. Kisha samaki mwenyewe akaachwa. B12 haimo katika muhogo, wala mbaazi, wala kisamvu. Hutoka kwa wanyama tu, yaani samaki, dagaa, nyama, mayai, maziwa, na zaidi ya vyote ini. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku na ini lake huweka akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndipo watu hudanganyika, kwa kuwa madhara huja baada ya muda mrefu, wakati chanzo chake kimeshasahaulika.

Uhusiano wake na hamu ya chakula ni huu. B12 hutumika pale mwili unapotengeneza chembe mpya, na sehemu zinazojitengeneza upya kwa kasi kuliko nyingine ni damu, ngozi ya ulimi na utando wa utumbo, kwa hiyo hizo ndizo hutangulia kuumia. Ule mkwaruzo wa ulimi unaouona ukijitazama kwenye kioo ni vijinundu vidogo, na baadhi yake ndivyo vyenye vionjo vya ladha. Vikipukutika ulimi hubaki laini na mwekundu, hauonji kisamvu lakini huungua kwa ndimu, kama ulivyoeleza wewe mwenyewe bila kujua kwamba unaandika kitabu cha tiba. Anayelishwa chakula kisicho na ladha kwa ulimi unaouma hawezi kuwa na hamu. Miguu nayo huhusika, kwani B12 inatunza utando unaofunika mishipa ya fahamu, ingawa kisukari peke yake huweza pia kuleta ganzi ya namna ile, na mara nyingi vyote viwili hushirikiana kwenye mguu mmoja. Kwa sababu hiyo asitembee peku, na nyayo zake zitazamwe kila jioni.

Kwa hiyo upungufu huu haukuishusha sukari ya mama wenyewe. Uliiondoa hamu, hamu ikaondoa chakula, na dawa ikaendelea kushusha sukari isiyoletwa. Wakati huohuo ukaipandisha namba ya kwenye karatasi, dozi ikaongezwa. Njia mbili, zote zikaishia alfajiri ya Jumanne.

Hata hivyo sitaki uende kwa daktari ukiwa umeshahukumu, kwa kuwa lipo jambo linalonitia hofu kuliko B12, nalo ni figo. Figo zikichoka, hamu ya kula hupotea, mtu hupauka, na glibenklamidi pamoja na insulini hubaki mwilini muda mrefu kuliko kawaida, hivyo sukari hushuka. Picha yake inafanana sana na ya mama. Metformini nayo haitakiwi kabisa figo zinapokuwa zimeharibika sana. Omba apimwe kreatinini, yaani kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, na mkojo, apimwe picha kamili ya damu, yaani hesabu ya chembe zake, na achunguzwe kifua kikuu ikiwa amekonda au anakohoa, kwa maana kisukari na kifua kikuu huandamana. Kwenye picha kamili ya damu daktari atatazama ukubwa wa chembe nyekundu, kwani upungufu wa B12 huzifanya ziwe chache na kubwa, japo zikiwa za kawaida haimaanishi kwamba B12 ipo. Kipimo cha B12 chenyewe hakipatikani kila maabara. Mkikikosa hapo Newala, ulizeni kuhusu rufaa ya hospitali ya Ligula, Mtwara, au hospitali ya kanda pale Mitengo, na wakati mwingine daktari huamua kutibu kwa kufuata dalili.

Fefo mliyonunua ina chuma na asidi ya foliki, na hapa naomba mdogo wako asimame kwanza. Asidi ya foliki inaweza kuirudisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12 mkafurahi kuona viganja vimepata rangi, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chini kwa chini. Isitumike mpaka B12 imeangaliwa. Sirapu za hamu nyingi zina siproheptadini, dawa inayoleta usingizi, na mgonjwa ambaye mnahitaji kumtofautisha kati ya aliyelala na aliyeshukiwa sukari hafai kupewa kitu kinachomlaza. Wapo pia wanaouziana deksamethasoni kama dawa ya kunenepesha, nayo hupandisha sukari vibaya. Kama kidonge cha namna hiyo kimeingia nyumbani, kipelekeni kwa daktari akione. Vidonge vya B kompleksi vya bei nafuu mara nyingi havina B12 au vina kidogo mno, hivyo visiwape faraja.

Tiba yenyewe, ikithibitika, si ngumu. Huwa ni sindano ya hidroksokobalamini, ambayo ni aina ya B12, ya mikrogramu 1,000 kwa ratiba ya daktari, au vidonge vya kiasi hichohicho, kwa sababu hata utumbo uliozuiwa hupitisha kama asilimia 1 ya dozi kubwa, na asilimia 1 ya 1,000 inatosha. Zamani haikuwa rahisi hivyo. Mwaka 1926 madaktari Minot na Murphy wa Marekani walionyesha kwamba ini huponya upungufu mbaya wa damu, na kazi hiyo ikawaletea wao na mwenzao Whipple tuzo ya Nobel mwaka 1934, lakini wagonjwa wao, watu wasio na hamu kama mama, walitakiwa kula ini hadi karibu robo kilo kila siku. B12 ilipatikana ikiwa safi mwaka 1948, na tangu hapo sindano imechukua nafasi ya sahani ile.

Mama akianza kutibiwa, ulimi na hamu hutangulia, pengine ndani ya wiki chache, na miguu hufuata kwa miezi, wakati mwingine isirudi yote. Jiandae kwa jambo moja: hamu ikirudi, sukari itapanda. Hapo ndipo mjomba anapohitaji kuelezwa, kwa heshima na kwa daftari likiwa mkononi, kwamba kisukari hakijapona. Kibatari kisichotiwa mafuta hufifia, na hakuna anayesema kimetengenezwa. Mwambie pia kwamba amepatia nusu, maana dawa mojawapo kweli ni ya kupunguzwa au kubadilishwa, na zipo za kundi hilohilo zilizo salama zaidi kwa wazee, kama gliklazidi. Alipokosea ni kusema zote ziachwe, na kusema kabla ya daktari. Nadhani mjomba aliyesikilizwa kwa nusu yake atakubali kukodi bodaboda kwa nusu nyingine.

Na ming'oko ale. Ni wanga kama muhogo, kwa hiyo ichukue nafasi ya ugali kwenye sahani badala ya kuongezwa juu yake, na pembeni yake kuwe na yai, dagaa, au kipande cha samaki ambaye jirani alimkataza bila sababu. Ng'onda alowekwe kwanza chumvi ipungue, hasa kama ana shinikizo la damu. Ming'oko huko kwenu huchemshwa na kuuzwa ingali na ganda. Mmenyee wewe, ukae naye hadi amalize, na mjukuu apakuliwe sahani yake mwenyewe.